Sauti za wazee na hesabu ya stima

Mapema mwaka huu nilipigiwa simu na kijana mmoja wa kisiwa cha Wasini, kule Kwale. Baada ya kuniamkia na kuniuliza hali ya nyumbani, alinieleza kwamba bibi yake alikuwa amefariki dunia, na kwamba jamaa walipokuwa wamekaa matangani, mmoja wao alikumbuka kuwa zamani alikuja mwalimu kutoka Nairobi akiwa na kinasa sauti, akakaa na marehemu barazani kwa siku tatu. "Mwalimu," akaniuliza kwa adabu, "ile sauti yake bado unayo?"

Nilimwambia nitamtafutia. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza ukweli papo hapo, kwani ukweli wenyewe ni wa kuaibisha. Mwaka 2009, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu kuhusu Kivumba, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa Wasini na Vanga, nilimnasa bibi huyo kwa muda wa saa sita kamili. Alinisimulia habari za pepo na misimu, majina ya sehemu za jahazi, namna ya kusuka malema ya kuvulia samaki, na ugomvi wa mashamba ambao aliniomba nisiutangaze. Katika saa hizo sita, leo zimebaki dakika 50. Nazo zimesalia kwa bahati tu, kwa sababu nilikuwa nimezinakili kwenye sahani ya CD ili wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wazisikilize darasani.

Zilizosalia zilikuwa kwenye diski moja ya kubebeka, nami sikuwa na nakala nyingine. Siku moja nikaikwaa waya wake kwa goti, ikaanguka kutoka mezani hadi sakafuni ilhali inazunguka, ikaanza kutoa mlio wa tiki, tiki, tiki, kisha ikanyamaza. Fundi niliyempelekea aliniambia kwamba ingewezekana kuifungua katika chumba kisicho na vumbi na kujaribu kuokoa kilichomo, lakini gharama aliyonitajia ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na hakuthubutu kuniahidi chochote. Lawama ni yangu. Mtu aliyefundishwa kwa miaka kumi namna ya kukusanya lugha hakujifunza hata kwa siku moja namna ya kuitunza.

Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisoma nikilalamikia ngeli na viambishi. Leo naomba radhi niziache ngeli zipumzike, nizungumze kuhusu wati, yuniti na gigabaiti. Maadamu nimeamua kujenga nyumbani kwangu mahali pa kuhifadhia sauti hizo, nimejifunza mambo ambayo nadhani yatamfaa pia mwalimu mwenye kanda za kwaya, mwandishi wa habari mwenye mahojiano ya miaka ishirini, na mzazi mwenye picha za watoto zilizotawanyika katika simu nne.

Kifaa chenyewe huitwa seva. Mimi kama mwanaisimu ningependa tukiite jina la asili yetu, lakini kila ninalolijaribu lina mwenyewe: mtumishi yuko serikalini, mtunzi ana mashairi yake, mhudumu yuko hotelini. Basi na iwe seva. Si kitu cha ajabu. Ni tarakilishi isiyohitaji kiwambo wala kibodi, iliyounganishwa na ruta ya nyumbani kwa waya, ambayo hukaa macho usiku na mchana ili tarakilishi na simu nyingine za nyumba hiyo ziweke faili zao humo na kuzichukua zinapozihitaji.

Kosa la kwanza la mtu anayepanga seva yake ya kwanza ni kuanza na mashine. Huingia madukani, akaulizia prosesa, akavutiwa na sanduku lenye nafasi za diski nane, kisha akarudi nyumbani kutafuta la kuweka ndani yake. Mimi nilianza na mizani. Rekodi zangu mwenyewe zilizosalia ni za muda wa saa 310. Isitoshe, nimeachiwa na mwalimu wangu, Mungu amrehemu, kanda 180 za dakika 60 alizozinasa katika miaka ya 1980, nami ninazihamisha kidogo kidogo.

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu halipitii mbio. IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, kinapendekeza kwamba sauti ihifadhiwe kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 24. Kwa kipimo hicho, sauti ya mtu mmoja iliyonaswa kwa maikrofoni moja huchukua megabaiti 518 kwa saa. Kanda za mwalimu wangu, kwa kuwa zinaharibika na huenda zisichezwe tena mara ya pili, nazihamisha kwa kipimo maradufu ya hicho, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti moja kwa saa. Jumlisha: gigabaiti 161 kwa rekodi zangu, 187 kwa kanda, na tuseme 60 nyingine kwa picha, maandishi na tasnifu za wanafunzi. Mali yangu yote, kazi ya maisha ya watu wawili, ni kama gigabaiti 410. Diski ya terabaiti mbili inaimeza mara nne na bado haijashiba.

Wako watakaoniuliza kwa nini nisizibane faili hizo kwa mfumo wa MP3 zikawa ndogo zaidi. La hasha! MP3 iliundwa ili kutupa zile chembe za sauti ambazo sikio la kawaida halitambui kuwa zimetoweka. Lakini wenyeji wa Mombasa na Lamu hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi tu: yule mnyama hutamkwa kwa mpumuo baada ya p, ilhali lile la nyumba halina mpumuo. Kadhalika kaa la moto na kaa wa pwani. Tahajia yetu sanifu haionyeshi tofauti hiyo, na kwa hiyo mahali pekee inapoishi ni kinywani mwa msemaji na katika rekodi yake. Sitaki mashine iniamulie ni pumzi ipi ya marehemu inayofaa kutupwa. Anayetaka kuokoa nafasi na autumie mfumo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, ambao huikunja sauti kama nguo sandukuni na kuikunjua ikiwa ileile.

Swali jingine nililoulizwa, tena na mke wangu, ni kwa nini nijisumbue hali kampuni za ng'ambo zinakodisha hifadhi kwa malipo ya kila mwezi. Ni swali la haki. Jibu langu la kwanza ni kwamba kodi haina mwisho, na siku mshahara wangu utakapokuwa pensheni, sauti za wazee zitategemea kadi ya benki ya mzee mwingine. La pili ni kwamba Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na sisi wa Afrika Mashariki tukakaa siku kadhaa tukivuta mtandao kama ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Aliyekuwa na faili zake ng'ambo alikuwa nazo kwa jina tu. La tatu, na kwangu ndilo zito, ni lile ombi la bibi wa Wasini kuhusu ugomvi wa mashamba. Alinipa idhini mimi, si kampuni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imetuwekea wajibu huo kwa maandishi, lakini ulikuwepo kabla ya sheria.

Nitapeleka pia nakala za zile rekodi ambazo wenyewe wameniruhusu katika hifadhi za kimataifa za lugha, na ningemshauri kila mtafiti afanye hivyo. Hata hivyo, hifadhi hizo nazo huhama. Ile ya lugha zilizo hatarini, iliyoanzishwa katika chuo cha SOAS jijini London, ilihamishiwa Berlin mwaka 2021. Ilihama salama, lakini mtu wa Wasini anayetaka kumsikia bibi yake asilazimike kufuatilia anwani za Ulaya.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, kijana mjuzi wa mambo haya, alinijia ofisini na habari njema. "Daktari," alisema, "kuna ofisi inauza seva yake ya zamani, ile kubwa ya kuingia kwenye rafu, kwa shilingi 15,000 tu. Ina prosesa mbili." Nilimshukuru, tukaenda kuiona. Ilikuwa ndefu kama kitanda cha mtoto, na ilipowashwa feni zake zilinguruma hata ikatubidi tusemezane kwa kupaaza sauti. Nilikuwa na mita ndogo ya kuchomeka ukutani, ambayo hupima wati zinazotumika. Tukaiacha mashine itulie bila kazi yoyote. Mita ikasoma wati 150.

Hapo ndipo msomaji anapopaswa kuchukua kalamu. Wati 150 kwa saa 24, kwa siku 30, ni yuniti 108 kwa mwezi. Katika viwango vya bei ya umeme vilivyotangazwa mwaka 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa katika mafungu matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya hizo hadi 100, na wanaozidi 100. Mashine ile peke yake, kabla hatujawasha taa wala kupiga pasi, ingetosha kuipandisha nyumba yangu hadi fungu la juu. Kwa hesabu zangu mimi huchukua shilingi 30 kwa yuniti, kodi na tozo zote zikiwemo, ili nisijidanganye. Kwa mwaka mzima mashine hiyo ingekula yuniti 1,314, yaani shilingi 39,420. Mashine ya shilingi 15,000! Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kijana wangu alikuna kichwa, akasema kweli hakuwa ameifikiria stima kwa kuwa kwao hulipwa na baba.

Kwa njia, neno stima linanifurahisha. Lilitufikia kutoka katika meli na mashine za mvuke, likahamia nyayani, na sasa Mkenya akisema stima zimepotea hakuna anayefikiria mvuke. Turudi kwenye hesabu.

Nilijaribu kisha tarakilishi yangu kuukuu ya mezani, iliyokuwa imelala stoo. Hii ilikuwa ya bure, na nilidhani tatizo langu limekwisha. Mita ikasoma wati 62 ikiwa haifanyi lolote: yuniti 543 kwa mwaka, zaidi ya shilingi 16,000. Kumbe hata kilichokuwa stooni kina bei.

Siri niliyoigundua ni kwamba seva ya nyumbani hukaa bure karibu siku nzima. Katika saa 24 huenda ikafanya kazi ya maana kwa saa moja. Kwa hiyo idadi inayomhusu mnunuzi ni ile ya wati mashine inapopumzika, wala si zile zinazoandikwa kwenye karatasi ya prosesa. Zile za karatasini, kama wati 35 au 65, hueleza kiasi cha joto ambacho prosesa hutazamiwa kutoa inapofanya kazi kwa bidii, na watu wengi huzichukulia kuwa ndiyo matumizi ya kila siku. Mashine inapopumzika, walaji wakubwa ni ubao wenyewe wa saketi, diski zinazozunguka, na kile kisanduku cha kugeuza umeme kilichomo ndani. Kisanduku cha wati 500 kinachotakiwa kutoa wati 12 ni kama lori lililotumwa kununua kiberiti, kwani huwa hodari kinapobeba sehemu kubwa ya uwezo wake, ilhali chini kabisa hupoteza umeme mwingi kwa joto.

Kwa hiyo nilielekea Luthuli Avenue kutafuta zile tarakilishi ndogo za maofisi, ambazo hufika kwetu kutoka Uingereza na kwingineko zikiwa zimetumika miaka mitano au sita. Zinafanana na kamusi iliyolazwa. Wapo akina Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny na HP EliteDesk Mini. Zote hutumia adapta ya nje kama ya tarakilishi ya kupakata, na ndani yake mna nafasi ya diski mbili tu. Kuna pia mashine mpya zenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ambazo ni ndogo kwa ulaji, nazo zinafaa. Ila kwa bei niliyoitajiwa sokoni, ile ya mkono wa pili ilinipa chuma imara zaidi na kumbukumbu ya gigabaiti nane ambayo kwa kazi yangu inatosha.

Muuzaji alistaajabu nilipotoa mita yangu mfukoni na kumwomba tuiwashe mashine tuiache robo saa. "Mzee wangu," akasema, "hii si friji." Nikamwambia ndiyo sababu hasa ya kuipima. Ikatulia kwenye wati 9. Bei ilianzia shilingi 22,000, tukaafikiana 19,500. Nikiongeza diski, nakadiria wati 12, sawa na taa moja ya LED iliyosahauliwa kuzimwa. Hizo ni yuniti 105 kwa mwaka, shilingi 3,150 hivi. Ukilinganisha na ile ya stooni niliyoidhania ya bure, tofauti ni wati 50, yaani shilingi 13,140 kila mwaka. Mashine niliyoinunua itakuwa imerudisha bei yake katika muda wa mwaka mmoja na nusu.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na kwa hiyo hapitwi na jambo, aliuliza kwa nini tusiizime usiku. Tulipiga hesabu pamoja: tukiizima kwa saa sita kila usiku tutaokoa robo, ambayo haifiki shilingi 800 kwa mwaka. Kwa mashine ya wati 150 ningeizima kwa furaha. Kwa hii, nimeona bora iachwe, kwa sababu usiku ndio wakati wake wa kunakili na kukagua.

Diski ndizo zilizonitia kishawishi. Kijana wangu alitaka tuunganishe kadhaa kwa mpangilio wa RAID, uliopewa jina hilo na watafiti Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley mwaka 1987, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Ni mpangilio mzuri kwa duka au benki ambayo haiwezi kusimama hata dakika kumi. Mimi naweza kusimama wiki nzima. Ninachokiogopa ni mwizi, maji ya bomba lililopasuka, umeme unaorudi kwa kishindo, na mkono wangu mwenyewe unaofuta faili kimakosa. Diski mbili ndani ya sanduku moja huibwa pamoja, hulowa pamoja, na faili iliyofutwa kwenye moja hufutika papo hapo kwenye ya pili. Goti langu halingezuiwa na RAID.

Nimechagua basi diski moja ya SSD ya terabaiti mbili ndani ya mashine, isiyozunguka na isiyofikisha wati moja ikipumzika, kwa shilingi 17,000. Pamoja nayo nimenunua diski mbili za kubebeka za ukubwa uleule, zile za kizamani zinazozunguka, kwa shilingi 10,500 kila moja. Sikuchagua za kizamani kwa ubahili tu. SSD iliyolazwa kabatini kwa miaka bila umeme inaweza kupoteza iliyoyashika, ilhali ile ya sumaku huvumilia zaidi. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliwafundisha wenzake kanuni ambayo nimeikariri kama methali: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Diski ya kwanza huchomekwa kila Jumamosi usiku, ikachomolewa asubuhi na kurudishwa kabatini. Ya pili itakaa kwa dada yangu Nakuru, ikiwa imefungwa kwa nywila, nami nitaibadilisha kila tunapokwenda kuwasalimia.

Kuhusu stima kukatika sina haja ya kumweleza Mkenya. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. (Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.) Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda tena takribani kote nchini, na safari hiyo hapakutajwa tumbili. Seva iliyokatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili, kwa hiyo UPS si anasa. Nimenunua ndogo ya shilingi 7,500. Betri yake ni ya volti 12 na ampea saba kwa saa, ambayo kwa maandishi ni wati 84 za saa moja. Seva na ruta kwa pamoja hutumia kama wati 20, na mwenye haraka atasema zitadumu saa nne. Hazitadumu. Sehemu fulani hupotea katika kugeuza umeme, na betri ya risasi hufa mapema ikikamuliwa hadi tone la mwisho. Mimi nimepanga saa moja, kisha UPS itaiarifu seva kwa waya ijizime yenyewe kwa utaratibu. UPS nayo hula chake hata stima ikiwapo, nami nimeiongezea wati tano katika hesabu. Jumla basi ni wati 17: yuniti 12 kwa mwezi, kama shilingi 370.

Programu hazikunigharimu hata senti. Nimetumia Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na juu yake Samba ya kugawana faili na rsync ya kunakili, programu mbili zilizoanzishwa na Mwaustralia yuleyule, Andrew Tridgell. Kijana wangu alizisakinisha kwa alasiri moja huku akinifundisha. Jambo moja nililolisisitiza ni kwamba kila faili ipewe alama yake ya ukaguzi, mfano wa alama ya kidole gumba, na kila mwezi seva izipitie zote na kuniarifu ikiwa hata biti moja imegeuka. Jingine ni kwamba hakuna mlango wowote utakaofunguliwa kuelekea mtandao wa nje. Wanafunzi wanaotaka kusikiliza waje nyumbani, tunywe chai, wasikilize.

Jumla ya matumizi ni shilingi 65,000, katika 70,000 nilizozitenga. Zilizobaki nimenunulia waya wa mtandao na flashi mbili.

Flashi hizo ndizo za Wasini. Siwezi kumpa kijana yule hifadhi yote, kwa kuwa wazee wa Vanga na wa kwingineko hawakunipa idhini hiyo, lakini rekodi za kisiwani kwao nilizobaki nazo, za muda wa saa tisa pamoja na zile dakika 50 za bibi yake, hazifiki hata gigabaiti tano. Wiki mbili baada ya simu yake nilimpigia, nikamweleza habari ya diski, ya goti, na ya saa tano zilizopotea. Nilingoja anilaumu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza katika zile dakika 50 bibi anasema nini. Nikamwambia anaeleza namna ya kusuka malema, na kwamba mwishoni anamwita mtu aje anywe uji.

"Anayeitwa ni mimi," akasema. "Nilikuwa darasa la tatu."

Nitampelekea flashi mwenyewe shule zitakapofungwa mwezi wa Agosti, moja ya kwake na nyingine ya mjomba wake, zikiwa ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana kwa ajili ya hewa ya chumvi. Aliniuliza pia kama zitafunguka kwenye simu. Nimekwisha kujaribu kwenye yangu, na zinafunguka.